Rafu Niliyoificha Nyuma ya Duka

Nyinyi mlioajiriwa juzi katika maduka ya vitabu hapa Busia na kule Malaba, na nyinyi ambao bado mnazungusha barua za kuomba kazi, nataka kuwaambia habari za rafu. Si habari za kompyuta. Za kompyuta mtanifundisha nyinyi. Mimi nimestaafu nikiwa bado napiga chafya za vumbi la stoo, na magoti yangu yamechakaa kwa kuinamia rafu ya chini miaka ishirini na minane. Lakini kupanga vitabu najua, na jambo kubwa kuliko yote nililifahamu kwa kumuumiza mtu. Kwa hiyo nivumilieni hadi mwisho.

Naitwa Perpetua Nekesa, mzaliwa wa Namboboto. Niliingia katika duka la Mzee Salim mjini Busia nikiwa mfagiaji. Mzee Salim alikuwa Mwislamu aliyezaliwa hapa hapa mpakani, mtoto wa dereva wa lori, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mdomo usiojua kusifu. Siku yangu ya tatu alinikuta nimesimama na ufagio mkononi nikisoma migongo ya vitabu, yaani ule upande mwembamba wenye jina, unaomtazama mteja kitabu kikiwa kimesimama. Nilidhani atanigombeza.

"Soma," akasema. "Lakini ukimaliza, rudisha pale pale ulipokitoa. Kitabu kikikaa mahali si pake, hatuna hicho kitabu. Umeelewa? Kiko dukani, na hatuna."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Mzee Salim alinifundisha kwamba vitabu havibanwi kwenye rafu, lazima kidole kipite kati ya kitabu cha mwisho na ubao, kwa sababu ukivibana mteja atavuta kwa juu na mgongo utang'oka. Alinifundisha kuinua rafu ya chini kwa matofali kwa ajili ya mchwa na maji ya mvua, na kubadilisha vitabu vya dirishani kila Jumatatu kabla jua halijavipausha. Misahafu ilikaa juu kabisa. Biblia zilikuwa na rafu yao wenyewe, za Kiswahili, Kisamia, Kiteso, Kijaluo na Kiganda, na juu ya rafu hizo mbili hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe cha chai. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, na kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kukosana juu ya rafu hizo mbili. Tulikosana juu ya nyingine zote.

Makosa niliyafanya, tena mengi. Nilipopandishwa kutoka kwenye ufagio hadi kupanga vitabu, nilipanga kwa kusoma jina la jalada tu. Kikaja kitabu ambacho jina lake lilikuwa na neno shamba, nami bila kukifungua nikakitia kwenye kilimo, kati ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mkulima mmoja wa kwetu Namboboto akakinunua. Alirudi baada ya wiki moja, kitabu kimefungwa kwenye gazeti.

"Dada," akasema, "mimi nimesoma mpaka ukurasa ya sitini. Sijaona mbolea."

Nilikifungua. Ilikuwa hadithi ya mapenzi, na pale ukurasa wa sitini msichana alikuwa analia kwenye kituo cha basi. Nikamwomba radhi, nikamwambia nitambadilishia. Akakishika kitabu kwa mikono miwili.

"Hapana, wacha tu. Mama watoto anataka kujua kama huyo kijana alirudi. Lakini na cha mbolea pia nipatie."

Tangu siku hiyo sikuweka kitabu mahali kabla ya kusoma maneno ya jalada la nyuma na ukurasa wa yaliyomo. Na nyinyi fanyeni hivyo. Ni dakika moja tu, na wakulima hawana muda wa kusafiri mara mbili.

Sasa niwaeleze duka lilivyokuwa, maana mmekuta mambo yamebadilika. Lilikuwa duka la kaunta. Kaunta ndefu ya mbao za mvule ilikata chumba kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Wateja upande huu, vitabu na sisi upande ule. Vitabu vyenyewe vilipangwa kwa kampuni zilizovichapa: kampuni hii ukuta wa kushoto, ile ukuta wa kulia. Mzee Salim alipanga hivyo kwa sababu mawakala wa kampuni walikuja na orodha zao, na ilikuwa rahisi kwake kuona kilichoisha. Ilimfaa yeye. Ilimfaa wakala. Mteja hakuna aliyemuuliza.

Na mteja hajui kampuni. Mteja huja na kitabu kichwani mwake kwa namna yake. Atakwambia, "Kile cha kijani kina picha ya twiga." Atakwambia, "Kile mwalimu wa hesabu mwenye ndevu anatumia." Mama kutoka ng'ambo, upande wa Uganda, alikuwa akija na kuuliza, "Nyabo, iko kitabu ya P Faivu?" na mimi wakati huo nilikuwa najua darasa la tano tu, nikimjibu hatuna, naye anavuka mpaka mikono mitupu huku kitabu kiko nyuma ya mgongo wangu. Baadaye nilinunua daftari dogo, nikawa naandika maneno ya wateja jinsi walivyoyasema. Si majina ya vitabu, maneno yao. Daftari hilo ndilo lililonifundisha kupanga, kuliko orodha ya kampuni yoyote. Hata leo mnapotumiwa picha za orodha kwenye simu, wekeni daftari. Picha itakuonyesha anachotaka mwalimu. Haitakuonyesha anachotaka mtu aliyesimama mbele yako.

Lakini hilo la daftari nilianza baada ya Etyang.

Etyang alikuwa mtu wa makamo, mbebaji wa mizigo kule Malaba, mahali malori yanaposimama yakisubiri kuvuka. Mabega mapana, sauti ndogo. Mara moja kwa mwaka alikuja dukani Busia, akasubiri mpaka watu wapungue, akainama kwenye kaunta na kusema, "Kitabu ya kusoma, ya darasa ya kwanza. Ya mtoto." Nilimpa, akakitia ndani ya shati, akaenda zake.

Siku niliyoharibu mambo ilikuwa Jumamosi, shule zinakaribia kufunguliwa, na watu walikuwa wamejaa kwenye kaunta kama wanagawiwa kitu cha bure. Etyang alisubiri, alisubiri, watu hawakupungua. Mwishowe akasema maneno yake yale yale. Nami nilikuwa nimechoka, nataka kuchekesha watu ili wasinikasirikie kwa kuchelewa. Nikasema kwa sauti:

"Mzee, huyu mtoto wako anakula vitabu ama anarudia darasa? Mwaka wa tatu huu, bado darasa la kwanza!"

Watu walicheka. Kaunta nzima ilicheka. Yeye pia alicheka kidogo, cheko la midomo tu. Kitabu kilikuwa tayari mkononi mwake. Akakilaza juu ya kaunta taratibu, akakinyoosha kona iliyokuwa imekunjika, akatoka.

Mama mmoja muuza mitumba aliyefuata daftari za wanawe alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

"Dada, umekosea yule mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi namjua, tuko na yeye Malaba. Hana mtoto ya darasa la kwanza. Wa mwisho wake ako sekondari. Hiyo kitabu ni yake mwenyewe. Anajifunza kusoma."

Niliendelea kuhudumia watu, lakini sijui niliuza nini siku hiyo. Kila niliponyanyua macho nilikiona kile kitabu juu ya kaunta. Nilikiweka chini ya meza. Hata hapo nikawa nakiona.

Alhamisi iliyofuata, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda Malaba. Nilimkuta kwenye kivuli cha lori akiwa na wenzake wanne, wameketi juu ya magunia matupu wanakunywa chai ya thamosi. Nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno marefu, lakini nilipoona zile nyuso nne nyingine nikagundua kwamba nikiyasema yote, nitamwaibisha mara ya pili. Nikasema kwa ufupi:

"Mzee Etyang, juzi nilikukosea adabu kule dukani, mbele ya watu. Nimekuja kuomba msamaha."

"Alikufanyia nini, Etyang?" mwenzake akauliza.

Etyang akaweka kikombe chini. "Alicheka viatu yangu," akasema.

Wote wakatazama viatu vyake, ambavyo kweli vilikuwa vya kuchekwa, wakaangua kicheko. Yeye akasimama, akanisindikiza mpaka barabarani. Nikatoa kitabu kwenye mkoba. Akakataa kwa mkono.

"Sitaki ya bure. Mimi nabeba mzigo, siombi."

"Basi njoo ununue."

"Pale?" Akatikisa kichwa. "Ile kaunta yenu, dada. Mtu akitaka kitu lazima aimbe mbele ya watu. Mwenye anataka ya Fizikia, anaimba na kifua mbele. Sasa mimi niimbe nini? Sirudi pale."

Akarudi kwenye lori lake.

Nimewaambia nilifahamu jambo kwa kumuumiza mtu. Ni hilo. Mimi nilidhani kosa lilikuwa la mdomo wangu, na kweli lilikuwa la mdomo wangu. Lakini Etyang alinionyesha kosa jingine lililokuwa limesimama pale kabla sijazaliwa kazini, la mbao za mvule, kutoka ukuta hadi ukuta. Ni wangapi walikuwa wamefika mlangoni, wakatazama ile kaunta, wakarudi? Mjane anayetaka kitabu cha sheria ya urithi wa shamba, na shemeji yake amesimama nyuma yake kwenye foleni. Msichana anayetaka kitabu cha mambo ya mwili wake. Mtu mwenye kifafa anayetaka kusoma habari za ugonjwa wake. Hao wote tulikuwa tunawaambia: sema kwa sauti, ama nenda nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilimwambia Mzee Salim, "Mzee, tukate kaunta."

Alidhani nimesema tuifute vumbi. "Ifute," akasema.

"Tuikate. Watu waingie, wajichagulie wenyewe."

Alivua miwani. "Hapa ni mpakani, Perpetua. Mtu akitoka na kitabu mlangoni, dakika tano yuko nchi nyingine. Nitamfuata na pasipoti?"

Alikataa. Kesho yake nikauliza tena, na kesho kutwa. Sikugomba. Kila asubuhi nikimpelekea chai nilikuwa naweka kikombe na kusema, "Mzee, kaunta." Aliwahi kukataa chai kwa siku mbili ili asinisikie. Siku ya tatu hamu ya chai ikamshinda. Nikamweleza habari za Etyang bila kutaja jina lake. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa. Kisha akasema kitu ambacho sikutarajia: kwamba baba yake, yule dereva wa lori, alizeeka bila kujua kusoma, na kwamba yeye Salim tangu utotoni ndiye aliyemsomea mabango ya barabarani akiwa ameketi pale mbele karibu naye.

"Miezi mitatu," akasema. "Kitabu kimoja kikiibiwa, kaunta inarudi, na wewe unarudi kwenye ufagio."

"Kimoja tu, mzee? Hata maduka makubwa ya Nairobi..."

"Kimoja."

Nikakubali. Mtu akikupa mlango mwembamba, ingia kwa ubavu.

Fundi seremala wa Mundika alikuja na msumeno, na kaunta ile ile tukaikata tukatengeneza rafu nne fupi za kukaa katikati ya chumba, za kimo cha kifua, ili niweze kuona vichwa vya watu juu yake. Kumbukeni hilo, hata mkiwa na kamera: rafu ya katikati isizidi kifua. Kisha nikavunja mpango wa kampuni. Nikapanga kwa maneno ya daftari langu. Vitabu vya shule kwa darasa kwanza, halafu somo, kwa sababu mzazi huuliza darasa kabla ya somo. Chini ya kila darasa nikaandika la upande wa Uganda, ili mama wa P Faivu asirudi tena mikono mitupu. Vitabu vya watoto wadogo chini kabisa, mahali mkono wa mtoto unafika, kwa sababu mtoto akishashika kitabu chenye picha ya simba mzazi hana ujanja. Vitabu teule vya sekondari, vile vya mtihani wa fasihi, mbele, mkabala na mlango, mahali macho ya anayeingia hutua kwanza, maana ndivyo vilivyotafutwa kuliko vyote. Daftari na kalamu nyuma kabisa, ili anayefuata kalamu apite katikati ya vitabu vyote kwenda na kurudi.

Na kila sehemu niliibandikia karatasi ya manila yenye maneno, na kando ya maneno nikachora picha. Jembe kwa kilimo. Chungu kwa mapishi. Mizani kwa sheria. Mzee Salim akauliza hizo picha ni za nini, kwani anayekuja kununua kitabu si anajua kusoma? Nikamkumbusha mabango ya baba yake. Akakohoa, akaenda stoo.

Kisha, kwa mbao za kaunta zilizobaki, nikatengeneza rafu moja fupi ambayo haikuwahi kuwa katika duka lolote nililolijua. Niliikusanyia vitabu vya herufi kubwa, vya kuanzia kusoma, lakini visivyo na picha za dubu na puto. Vyenye picha za watu wazima, wanaolima, wanaopima mahindi, wanaokwenda kliniki. Nilivitafuta kwa mawakala wote, nikapata kumi na kimoja tu. Nikaandika manila: WATU WAZIMA WANAOANZA KUSOMA. Na kwa sababu nilikuwa bado naumwa na kile kicheko cha Jumamosi, rafu hiyo niliiweka nyuma kabisa, kwenye kona iliyo nyuma ya Biblia, mahali mtu akiinama hakuna anayemwona. Nilijiona nimefanya jambo la huruma sana.

Wiki ya tano, jioni tukikagua rafu, atlasi moja haikuwepo. Atlasi kubwa, ya jalada gumu. Nilihisi ufagio umenirudia mkononi. Mzee Salim alitazama mahali kaunta ilipokuwa imesimama. Nikamwomba anipe mpaka kesho mchana. Asubuhi nilifika mapema, nikaanza rafu ya kwanza, nikatoa kitabu kimoja kimoja. Saa tano nilifika kwenye ufugaji, na nyuma ya vitabu vya kuku, imelala chali, nikaikuta atlasi. Ndani yake kulikuwa na kipande cha karatasi: "Tafadhali musiuze. Ninakuja na baba Ijumaa." Ulikuwa mwandiko wa msichana wa shule. Alijua huko kwa kuku hakuna mwanafunzi atakayepekua.

Nilimpelekea Mzee Salim ile karatasi. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa kanzu. "Irudishe kwa kuku," akasema. Na Ijumaa msichana alikuja na baba yake. Tangu siku hiyo tulikuwa na rafu ndogo ya vitabu vilivyowekewa watu, na hakuna aliyehitaji kuficha tena. Miezi mitatu ikaisha, kaunta haikurudi.

Nilikwenda Malaba mara ya pili. Nilimwambia Etyang kaunta imekatwa, na kwamba kuna rafu yake, ipo pembeni, hakuna atakayemwona. Tulikuwa tumesimama wawili tu wakati huo, na akaanza kunieleza jambo ambalo sikumuuliza.

"Mwaka ule mama yangu aliugua, tukapewa dawa hospitali ya Kocholia. Chupa mbili. Daktari alinielezea vizuri kabisa: hii ya kunywa, hii ya kupaka. Nikafika nyumbani, zote mbili ziko sawa. Zimeandikwa, lakini mimi naona tu mistari. Mama ananiangalia. Nikaona aibu kuita jirani. Nikamwambia, ngoja, nimesahau kitu. Nikatembea tena mpaka Kocholia, kwa miguu, kuuliza chupa gani ni gani. Alipona. Lakini nikasema, mimi na hii kitu, mmoja wetu atashindwa."

"Na vile vitabu vitatu?"

"Cha kwanza kililoa jasho, kiliraruka. Cha pili nilimaliza. Cha tatu ni kile uliniuliza kama mtoto anakula."

Nilimpa mkono, akaushika, nikarudi Busia.

Zilipita wiki nyingi. Alikuja Jumamosi, saa sita mchana, duka limejaa pomoni, saa ile ile ambayo miaka yote alikuwa akiikwepa. Nilimwona mlangoni. Alisimama akitazama picha na maneno juu ya rafu, midomo yake ikitembea. Sikumwita. Nilijifanya nafunga kifurushi kilichokwisha kufungwa. Alipita kilimo, alipita mapishi, akafika kwenye Biblia, akazunguka nyuma. Nikangoja. Nilitarajia atatoka na kitabu ndani ya shati.

Alitoka mikono mitupu, akaja moja kwa moja mpaka mezani kwangu.

"Dada, ni wewe uliweka ile rafu kule?"

"Ni mimi, mzee. Nilitaka mtu awe na faragha."

"Umetuficha kama magendo."

Hakusema kwa ukali. Lakini alisema kwa sauti ya kawaida ya mtu mwenye kusikika, na walio karibu waligeuka.

"Mimi nimeingia hapa mchana, na miguu yangu, watu wananiona," akaendelea. "Kule nyuma ya Biblia, mwenye hajui kusoma ataona aje? Atajuaje kama iko? Mwenye anaweza kufika kule ni mwenye ameshajua kusoma. Kama ni kitu kizuri, weka mbele. Kama ni kitu mbaya, acha kuuza."

Mzee Salim alikuwa amenyanyua kichwa kutoka kwenye hesabu zake. "Mbele kuna vitabu teule," akasema. "Hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote dukani."

"Najua, mzee," nikamjibu. "Ndiyo maana nitaviondoa."

Sijui nilipata wapi huo uthabiti. Nadhani niliupata kwa Etyang, maana alikuwa amesimama pale hajayumba. Nilianza kutoa vitabu teule kutoka kwenye rafu ya mbele, mikono miwili miwili, nikivirundika juu ya meza. Wateja walianza kulalamika, wengine wakaanza kunisaidia. Mzee Salim alitazama kidogo, akavua miwani, akaifuta, akaja akachukua rundo la kwanza na kulipeleka ukuta wa kulia yeye mwenyewe. "Kimo cha macho," akaninong'oneza akipita. "Usije ukaviweka chini."

Nikataka kwenda kuhamisha vile vitabu kumi na kimoja, kimoja baada ya kingine. Etyang akanizuia.

"Rafu yenyewe si ni hii fupi? Wacha vitabu ndani."

Alichuchumaa, akaingiza bega chini ya ubao wa juu, akaikumbatia ile rafu ya mvule kama anavyokumbatia gunia, akasimama nayo. Vitabu havikudondoka. Akatembea nayo katikati ya duka, watu wakimpisha huku na huku, mama mmoja akivuta beseni lake la omena, wale dagaa wa ziwani, lisikanyagwe, mpaka mkabala na mlango, akaituliza chini mbele ya ile iliyobaki tupu. Alikuwa anahema. Ile manila ilikuwa imekunjika, akainyoosha kwa kiganja.

"Ni vitabu vya nini hivyo?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

Nilifungua mdomo nijibu. Etyang akainua mkono kunizuia. Akasogea karibu na maandishi, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Wa... tu," akasoma. "Watu. Wa... zi... ma. Wazima." Kidole kikasogea. Neno la tatu lilikuwa refu, alilianza, akakwama, akarudi mwanzo wake. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyecheka. "Wa... na... o... a... nza. Wanaoanza." Kidole kikasogea tena. "Ku... so... ma."

Akageuka, jasho linamtiririka usoni, akanitazama.

"Haya, dada," akasema. "Sasa uza."

Yule mama wa omena akaweka beseni lake chini, akapangusa mikono kwenye leso, akanyoosha mkono kwenye rafu.